Askofu Emmanuel Kataliko, Mtumishi wa Watu wa Butembo na Beni

Watu wengi hudhani ya kuwa ukubwa ni kuketi mbele na kuhudumiwa. Yezu Kristu alifundisha njia nyingine usiku ule alipojifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika bakuli, akawaosha mitume wake miguu. Tangu usiku ule Mkristu ajua kwamba mkubwa hupimwa kwa utumishi wake.

Katika milima ya Kivu ya Kaskazini aliishi mtu aliyelishika fundisho hilo mpaka kufa. Jina lake ni Emmanuel Kataliko. Alikuwa askofu wa Butembo na Beni zaidi ya miaka 30, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu kwa muda wa miaka 3 na nusu. Yafaa maisha yake yasimuliwe, hasa mbele ya wale wanaofanya kazi pasipo mshahara: wakatekista, viongozi wa jumuiya, akina mama wanaowatazama wagonjwa, vijana wanaotengeneza njia baada ya mvua. Maana Askofu huyu hakujenga kitu peke yake. Alijenga kwa mikono yao, na heshima anayopewa ni heshima yao vilevile.

NCHI ALIMOZALIWA

Mji wa Butembo upo karibu sana na mstari wa Ikweta, lakini kwa kuwa uko juu milimani, asubuhi zake ni za baridi. Mji wa Beni upo upande wa kaskazini, mwendo wa kilometa 50 na zaidi, mahali palipo chini na penye joto, karibu na msitu mkubwa. Upande wa mashariki mtu huona mlima Ruwenzori wenye theluji, na nyuma yake ni nchi ya Uganda. Wenyeji wengi wa huko ni Wanande, waitwao pia Wayira. Ni wakulima hodari, na wengi wao wanajua sana biashara. Milimani hulimwa maharagwe, viazi na mboga. Upande wa Beni hulimwa kahawa na michikichi.

Injili ilifika huko mapema. Mwaka 1906 Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu walifungua misioni ya Beni. Mwaka 1929 walikuja Mapadri wa shirika la Asumpsio, na mwaka 1938 mmoja wao, Mhashamu Henri Piérard, aliwekwa kuwa mkuu wa Vikarieti ya Beni. Mapadri walikuwa wachache, na vilima vilikuwa vingi. Padri alipofika kijiji mara moja au mara chache kwa mwaka, nani aliyekusanya watu Jumapili? Nani aliyewafundisha watoto sala, akawaandaa wakatekumeni, akamwombea mgonjwa aliye katika kufa? Ni mkatekista. Yeye alikuwa mkulima kama jirani zake, ana mke na watoto, na malipo yake yalikuwa kidogo au hayakuwapo. Kanisa la Butembo na Beni lilisimama juu ya mabega ya watu wa namna hiyo kabla halijawa na askofu mzaliwa wa nchi.

Katika milima hiyo, mahali paitwapo Lukole, Emmanuel Kataliko alizaliwa mwaka 1932. Alisoma katika shule za wamisionari, akafuata mwito wa upadri, akapelekwa Roma kuendelea na masomo. Mwezi wa Julai mwaka 1958 alipewa daraja ya upadri. Wakati huo Kongo ilikuwa bado chini ya Ubelgiji, na watu wachache waliwaza ya kuwa mambo yote yangegeuka baada ya miaka 2 tu.

ASKOFU KIJANA KATIKA NCHI ILIYOJERUHIWA

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Furaha haikukaa sana. Mwaka 1964 vita vya Simba vilienea katika nchi ya mashariki. Watu wengi walikufa, mali iliporwa, misioni nyingi ziliachwa tupu. Mwezi wa Novemba mwaka 1965 Jenerali Mobutu alitwaa utawala. Ndipo mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita alipomteua Padri Kataliko kuwa askofu, mahali pa Mhashamu Piérard. Alikuwa na umri wa miaka 34 hivi. Naye alikuwa mwenyeji wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka uliofuata jimbo la Beni lilipewa jina jipya la Butembo-Beni.

Alipewa jimbo lenye imani, lakini alipewa pia njia mbovu, shule zilizopungukiwa na walimu, na watu waliozoea kungoja. Makao ya serikali, Kinshasa, yalikuwa mbali kupita kilometa 1,500, na barua ya kuomba msaada iliweza kukaa miezi mingi bila jibu. Kadiri miaka ilivyopita, jibu lenyewe likakoma kuja.

Miaka ya 1970 ilileta majaribu mengine. Mwishoni mwa mwaka 1973 serikali ilitwaa maduka na mashamba ya wageni, ikawapa wananchi, na biashara nyingi zikaanguka. Mwishoni mwa mwaka 1974 ikatwaa shule zote za Kanisa, na somo la dini likaondolewa darasani. Shule hizo zilirudishwa katika mikono ya Kanisa mwaka 1977, zikiwa zimechakaa. Katika miaka hiyo mitatu, kama isingalikuwa wakatekista na wazazi waliofundisha chini ya mti na katika nyumba zao, watoto wengi wangalikua bila kujua hata Baba Yetu. Askofu Kataliko aliona jambo hilo kwa macho yake: mali yaweza kutwaliwa kwa amri moja, lakini watu waliozoea kujitolea hawawezi kutwaliwa kwa amri.

Fundisho hilo alilishika, akalifanya kuwa njia ya kazi yake yote.

JEMBE LA LAZIMA NA JEMBE LA HIARI

Msomaji apaswa kuelewa jambo moja, ili asidhani ya kuwa kazi ya Askofu ilikuwa rahisi. Watu wa Kongo walikuwa na sababu ya kuchukia kazi ya barabara. Wakati wa Wabelgiji, wanakijiji walilazimishwa kulima mazao ya serikali na kutengeneza njia. Katika vita ya pili ya dunia kazi za lazima ziliongezwa hata kufika siku 120 kwa mwaka, na mwenye kukataa alifungwa au alipigwa. Baada ya uhuru, katika utawala wa Mobutu, kulikuja kazi iliyoitwa salongo. Ilisemwa kuwa ni ya hiari, lakini aliyekosa kuifanya aliadhibiwa. Kwa hiyo mzee wa kijiji alipoona mtu anakuja kumwita na jembe, moyo wake ulikumbuka kiboko.

Basi, askofu awezaje kuwaita watu wale wale, kwa jembe lile lile, kwa barabara ile ile?

Askofu Kataliko aliwaita, nao walikuja. Sababu yake si ngumu kuieleza. Kazi ya lazima humfaidia mwenye amri. Kazi ya hiari humfaidia jirani, na mwenye kuifanya ajua jina la jirani huyo. Mkulima aliyechimba mtaro kwa ajili ya parokia yake alijua kwamba njia hiyo itampeleka mkewe hospitali siku ya uchungu wa uzazi, na kwamba viazi vyake vitafika sokoni kabla havijaoza. Tena alimwona padri wake na viongozi wa jumuiya yake wakiwa pale pale matopeni. Mtu hachoki upesi akifanya kazi pamoja na mkubwa wake.

Barabara ya udongo katika milima ile haiuawi na magari peke yake. Huuawa na maji. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Maji yasipopata mfereji kando ya njia, hupita katikati yake. Kwanza huchora mstari mdogo, kesho mstari huwa mtaro, mwisho wa mwezi mtaro huwa shimo linalomeza gurudumu la lori. Kuiponya njia hiyo hakutaki elimu kubwa: kuzibua mifereji, kuweka mabomba ya kupitishia maji chini, kujaza mashimo kwa mawe na kuyashindilia, na kufanya hivyo tena na tena, hata wakati njia inapoonekana nzima. Kinachotakiwa zaidi ni uaminifu. Ndiyo maana kazi ya barabara ni shule ya roho pia. Asiyezibua mfereji mdogo leo atalia mbele ya shimo kubwa kesho, na ndivyo ilivyo katika dhambi na katika fadhila.

Askofu aliwaunganisha watu wa namna mbili ambao mara nyingi hutazamana kwa wivu. Wakulima walikuwa na nguvu za mikono. Wafanyabiashara wa Butembo, wengi wao wakiwa waamini wake, walikuwa na malori, mafuta na fedha. Aliwafundisha wafanyabiashara ya kuwa faida waliyoipata katika nchi ile ilikuwa na deni kwa nchi ile. Lori linalopita linabomoa njia. Basi, mwenye lori aitengeneze. Aliyenunua maharagwe ya mkulima kwa bei ndogo asimwache mkulima huyo akae gizani na matopeni. Katika miaka ya 1980 na 1990, serikali ilipokuwa karibu kuanguka kabisa, wafanyabiashara na Kanisa walishirikiana kutengeneza njia na kufikiri juu ya kupata umeme kwa nguvu za maji ya mito. Wageni waliofika Butembo walistaajabu kuona mji unaokua na kujengwa katika nchi ambayo miji mingine ilikuwa ikibomoka.

Haifai kusema kwamba yote yalifaulu. Mipango mingine ilikwama. Matajiri wengine walitoa kwa ajili ya sifa, na wengine walitoa ili wasiulizwe walikopata mali. Tena palikuwapo hatari moja kubwa: watu wakifanya kila kazi ya serikali, serikali yaweza kulala usingizi, ikaendelea kutoza kodi bila kutenda lolote. Lakini mgonjwa aliye njiani hawezi kungoja mpaka serikali iamke. Aliye na jembe aanze, kisha adai haki yake akiwa amesimama juu ya njia aliyoitengeneza. Dai la mtu aliyefanya sehemu yake huwa na nguvu.

CHUO KIKUU JUU YA KILIMA

Kijana wa Butembo au Beni aliyetaka masomo ya juu ilimpasa kwenda mbali, Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa. Njia zilikuwa mbaya, ndege ilikuwa ghali, na jamaa za wakulima hazikuweza. Waliokwenda, wengi hawakurudi. Hivyo milima ile ilitoa watoto wake wenye akili, isirudishiwe daktari wala mwanasheria.

Mwaka 1989, kwa juhudi ya Askofu Kataliko, kilianzishwa Butembo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Jina Graben ni la bonde kuu la ufa, ambalo ndani yake limo ziwa Edward, chini ya milima hiyo. Wengi walisema ni ndoto. Mji haukuwa na umeme wa kutosha wala barabara ya lami, na serikali ilikuwa imefilisika. Chuo kikuu kingeishije? Kiliishi kwa sababu watu walikiona kuwa ni chao. Wafanyabiashara waliunga mkono, wazazi walilipa kwa jasho lao, na waalimu walikubali kuja kufundisha katika mji usio na anasa. Baadaye waganga, wataalamu wa kilimo na wa mifugo, na wanasheria walitoka humo, wakatumikia nchi yao wenyewe.

Yafaa kuona hapa hekima ya mchungaji. Barabara hutengenezwa upya kila mwaka, lakini mtu aliyefundishwa vema hutengeneza wengine. Askofu alianza na jembe kwa kuwa watu walikuwa na jembe mkononi. Hakuishia hapo.

MCHUNGAJI AENDA MAHALI PA DAMU

Tarehe 29 Oktoba 1996, katika mji wa Bukavu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa na askari wakati vita vilipoingia mjini. Alikuwa amewatetea wakimbizi na wenyeji pia, bila kuangalia kabila. Kiti chake kilikuwa kitupu, na kila mtu alijua kwamba atakayekikalia atakaa mahali pa hatari. Mwezi wa Machi mwaka 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimteua Askofu Kataliko.

Alikuwa na umri wa kuelekea miaka 65. Butembo alijulikana na kupendwa. Bukavu alikuwa mgeni wa kabila na wa lugha ya mama. Angeweza kutaja uzee wake na kazi zake zilizobaki. Alitii, akaenda.

Mwezi wa Agosti mwaka 1998 vita vya pili vilianza. Bukavu ikawa chini ya chama cha RCD kilichoungwa mkono na Rwanda. Wakati wa Noeli mwaka 1999, Askofu Mkuu Kataliko aliwaandikia waamini wake barua. Alianzia maneno ya nabii Isaya ya kuwafariji watu wa Mungu, lakini hakuwafariji kwa kuficha ukweli. Alieleza waziwazi ya kuwa mataifa ya kigeni, pamoja na baadhi ya Wakongo wenyewe, walikuwa wakifanya vita kwa mali ya nchi ile ile iliyokuwa ikiangamizwa, na kwamba mtu alikuwa amegeuzwa kuwa kitu cha kununuliwa. Aliwaita waamini wasikate tamaa wala wasilipe kisasi, bali wakubali kutoa nafsi zao kwa ajili ya haki.

Wenye silaha walikasirika. Tarehe 12 Februari 2000 walimzuia asirudi katika jimbo lake, wakamhamisha kwa nguvu mpaka Butembo. Walidhani kwamba kwa kumrudisha nyumbani kwao wamemnyamazisha. Hawakujua kwamba watu wa Bukavu nao walikuwa wamejifunza. Makanisa yalinyamaza kwa huzuni, shule zilifungwa, na waamini walidai mchungaji wao arudishwe. Hawakushika bunduki. Wakatekista, waalimu na akina mama, ambao hawakuwa na cheo chochote katika dunia hii, walisimama mbele ya wenye nguvu kwa kukataa tu kuuzoea uovu.

Miezi 7 ilipita. Kutoka Butembo Askofu Mkuu aliendelea kuwaandikia waamini wake na kuwatia moyo. Mwishowe aliruhusiwa kurudi. Alifika Bukavu tarehe 14 Septemba 2000, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kutukuka kwa Msalaba, na watu wengi sana walitoka kumlaki.

Furaha hiyo ilidumu siku 20. Tarehe 4 Oktoba 2000, alipokuwa karibu na Roma kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika, moyo wake ulisimama ghafula, akafariki dunia. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Alikuwa na umri wa miaka 68. Mwili wake ulirudishwa Bukavu ukazikwa huko, katikati ya watu ambao alikuwa mgeni kwao miaka 3 tu kabla, na ambao walimlilia kama baba yao.

MBEGU BAADA YA KUFA MPANZI

Mti hujulikana kwa matunda yake, na kazi ya mchungaji hujulikana vema baada ya yeye kuondoka. Butembo na Beni ziliona taabu kubwa katika miaka iliyofuata. Tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2014 wilaya ya Beni iliona mauaji mengi ya raia, mashambani na vijijini, usiku kwa panga na risasi. Jamaa nyingi zilikimbilia mijini, na mara nyingi aliyezipokea kwanza alikuwa jirani mwenye chumba kimoja, kabla shirika lolote la msaada halijafika.

Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, ilitangazwa ya kuwa ugonjwa wa Ebola umeingia. Ulianza kuonekana Mangina, karibu na Beni, ukashuka mpaka Butembo na Katwa. Ulidumu karibu miaka 2, mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa.

Ugonjwa huo ulijaribu upendo mahali pake penye maumivu. Ebola hupita kwa kumgusa mgonjwa na maiti. Kwa hiyo mama aliyemwosha mtoto wake, na ndugu waliomwandaa marehemu kama desturi ilivyotaka, waliambukizwa kwa sababu ya upendo wao. Ilibidi vijana wa kujitolea, hasa wa Msalaba Mwekundu, wavae nguo nzito za kujikinga wakazike wafu wa wengine kwa heshima na kwa usalama. Watu wengi, waliokwisha kudanganywa mara nyingi na wakubwa wa dunia, hawakuwaamini. Waliwatukana, waliwarushia mawe. Mwezi wa Februari mwaka 2019 vituo vya kuwatibu wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule daktari Richard Mouzoko, mwenyeji wa Kameruni, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, chuo kile kile alichokianzisha Askofu Kataliko.

Lakini kazi haikuachwa. Wauguzi walirudi kwa wagonjwa. Vijana walichukua tena majeneza. Viongozi wa dini na wa vijiji walizunguka nyumba kwa nyumba wakieleza habari za chanjo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Ugonjwa ulishindwa kwa dawa na elimu. Ulishindwa pia kwa saburi ya watu waliokubali kutukanwa na wale waliokuwa wakiwaokoa.

Watu hao wengi majina yao hayamo kitabuni. Wengine walipata posho kidogo, wengine hawakupata kitu. Lakini ni wa ukoo mmoja na wakatekista wa zamani waliopanda vilima, na wazee waliochimba mifereji ya barabara, na waamini wa Bukavu waliodai mchungaji wao bila silaha.

MAFUNDISHO YA MAISHA HAYA

Kwanza, aanzaye asingoje mpaka awe na vyote. Askofu Kataliko alikuta jembe, akaanza na jembe.

Pili, kazi ya kujitolea ni ya watu huru. Mwenye kuwaita watu katika kazi ya shirika awaeleze faida yake, awasikilize, ahesabu fedha mbele yao wote, na aingie matopeni pamoja nao. Akiwatumia kwa kuwatisha, amerudisha kiboko, hata kama anakiita kwa jina la Mungu.

Tatu, mwenye mali anayo deni kwa wale waliomsaidia kuipata. Asidhani kwamba sadaka ya Jumapili yalipa mshahara aliounyima Jumatatu.

Nne, mwenye kutumikia atapaswa siku moja kusema ukweli. Aliyetengeneza njia kwa ajili ya watu hawezi kukaa kimya anapoona wanauawa njiani. Utumishi wa mikono na ushuhuda wa kinywa havitengani. Askofu Mkuu Kataliko alilipa gharama ya vyote viwili.

Tano, yatupasa kuwaheshimu wenye kujitolea wangali hai. Desturi yetu ni kumsifu mtu penye jeneza lake. Lakini mkatekista mwenye viatu vilivyotoboka, mama anayepika uji wa yatima, kijana anayezibua mfereji wa mtaa wake, hao wahitaji leo neno la shukrani, na mara nyingine wahitaji mkono wa pili. Heshima iliyo bora ni kuchukua jembe lingine na kusimama kando yao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani wanaotumikia wote bila malipo? Je, tumewashukuru lini?

2. Kuna kazi gani ambayo kila mtu anaingoja serikali au misioni, nasi twaweza kuianza kwa mikono yetu?

3. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya lazima na kazi ya hiari? Viongozi wa jumuiya yetu hutuita kwa namna gani?

4. Askofu Mkuu Kataliko alihamishwa kwa sababu alisema ukweli. Ni ukweli gani ambao sisi twauogopa, na ni nani anayeumia kwa sababu ya kimya chetu?